Kila Kitu Isipokuwa Mapazia

Alhamisi, 7 Agosti

Kadi imefika! Imekuja kwa simu, picha yenye maua pembeni na nyumba ambayo si yao, wameitoa mtandaoni. Weldon Kosgei na mkewe Emmy wanatualika kuombea nyumba yao mpya huko Kiamunyi, Jumamosi tarehe 16, saa tano asubuhi. Chakula kitakuwepo.

Nimeisoma mara nne. "Mpendwa ndugu, jirani na rafiki." Basi. Kila mtu ametumiwa maneno hayo hayo. Hata Ogola!

Niandike hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka kumi na moja mimi na Weldon tumeishi hapa Bondeni, Nakuru, ukuta mmoja katikati. Nikikohoa, aliuliza kwa sauti kama nimekunywa dawa. Akikaanga vitunguu, nilichukua sahani yangu. Sasa amehama, wiki ya pili hii, na upande wa pili wa ukuta ameingia mtu mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake. Weldon hajaja hata siku moja. Naogopa. Mtu akipata nyumba yake hamsahau jirani kwa ubaya. Anamsahau tu, taratibu, na hakuna wa kulaumiwa.

Kwa hiyo zawadi yangu si zawadi ya kubebabeba tu. Lazima ikae sebuleni. Kila Weldon akiinua macho aseme: Obeid.

Nimemuuliza mke wangu, Shukri, tupeleke nini. Hakuinua hata kichwa. Alisema mapazia. Mimi ni fundi wa mapazia, nina cherehani mbili na miaka ishirini ya kazi, kwa hiyo mapazia. Wanawake wengine hawana ubunifu kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekutana na Ogola kwenye kibanda cha chai. Huyu ni fundi wa friji, mlango wa tatu kutoka kwangu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa mtu wa tatu kwenye chai yetu wawili. Sijawahi kumwalika. Alikuwa anatokea tu, na kikombe chake mkononi.

Mbele ya watu wote alisema mimi nina bahati, sina haja ya kufikiri, si nitapeleka tu mapazia. Wote wakaitikia. Mwenye kibanda pia akaitikia, na yeye hata hamjui Weldon!

Basi imekwisha. Sipeleki mapazia. Zawadi ambayo hata muuza chai ameshaijua ina raha gani? Emmy akifungua mfuko atasema aa, mapazia, kama nilivyodhani, na atauweka kando. Hapana. Nitapeleka kitu ambacho hakuna mtu duniani anayetazamia kutoka kwangu.

Nilimuuliza Ogola yeye atapeleka nini. Alisema bado hajui, atauliza. Atamuuliza nani? Akacheka, akaenda zake. Nimewaza jambo hili mchana kutwa hadi nikashona pazia la mteja ndani nje.

Nimefikia uamuzi. Zawadi ya mtu anayejali haitoki dukani, inatoka kwenye macho. Unamtazama mtu akiishi. Unaona anachokosa kabla yeye mwenyewe hajaona. Shemeji yangu Jalal huwapeleka watalii kutazama ndege ziwani, na ana darubini nzuri sana. Nimemwomba aniazime. Nimemwambia nimeanza kupenda ndege.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeiona nyumba! Ukuta rangi ya maziwa, mabati ya bluu, madirisha makubwa matano upande wa mbele. Moyo ulinipiga kwa furaha, halafu kwa wivu, halafu kwa furaha tena. Weldon wetu! Aliyekuwa anaweka viatu chini ya kitanda kwa sababu hakukuwa na mahali pengine!

Ng'ambo ya barabara kuna shamba la mahindi, yameshapita kichwa changu. Niliingia humo na ndoo ya kukalia. Matope ya Kiamunyi hayana mfano. Lakini bahati iliyoje: nyumba nzima inaonekana ndani! Hakuna kitu chochote kinachozuia. Niliona meza, niliona makochi bado yana karatasi za nailoni, niliona hadi rangi ya chai.

Na niliona mambo ya ajabu. Emmy alisimama mbele ya dirisha la kwanza, akanyoosha mikono yote miwili kadiri ilivyofika. Akaishusha. Akaenda dirisha la pili, akanyoosha tena. Madirisha yote matano! Kisha Weldon akaleta kiti, akapanda juu yake, akainua mkono mmoja hadi juu ya fremu na mwingine akaushusha chini, na Emmy akaandika kitu kwenye karatasi.

Mazoezi! Wameanza mazoezi ya viungo, na wanaandika maendeleo yao. Mkao ule niliujua, nimeuona mahali mara nyingi sana, ila sikukumbuka ni wapi.

Baadaye Emmy alichukua shuka yenye maua makubwa akaifunga dirishani chumbani kwao kwa misumari miwili. Maskini! Wanaanika nguo ndani ya nyumba. Hawana kamba.

Nimerudi na mawazo mawili: mkeka wa mazoezi, au kamba ya kuanikia. Hakuna hata kimoja kinachokaa sebuleni. Uchunguzi unaendelea.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemweleza Shukri niliyoyaona. Aliweka kikombe chini. Aliniomba nirudie ile sehemu ya mikono. Nikarudia, hadi nikasimama dirishani kwetu nikamwonyesha. Aliniuliza mimi hufanya kazi gani. Nilimwambia anajua vizuri sana ninachofanya. Aliniuliza kama nina uhakika. Kisha akaenda jikoni na nikamsikia anacheka peke yake, muda mrefu.

Nilimfuata anieleze. Alikataa. Alisema amesema mara moja Alhamisi, hatasema mara ya pili, na sasa anataka kuona nitafika wapi.

Sijui wanawake huchekea nini jikoni. Hilo nalo ningependa kulichunguza siku moja.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya.

Nilikuwa ndani ya mahindi tangu saa nne, natazama Emmy anavyobandika magazeti kwenye dirisha la bafu. Nilikuwa nimeanza kuandika "wanapenda kusoma". Nikasikia sauti nyuma yangu: "Wewe mzee, unatafuta nini kwa mahindi ya wenyewe?"

Ni mlinzi. Anaitwa Bethwel, jina liko kwenye koti lake, analinda nyumba ya Weldon na nyingine mbili jirani. Mtu mrefu, hana haraka. Nilifikiri kwa kasi ya ajabu. Nilimwambia mimi ni afisa wa kilimo, nakagua viwavi.

Bethwel alitazama darubini. Aliuliza viwavi na hiyo kitu ya watalii vinahusiana vipi. Nilimwambia viwavi ni wadogo sana. Alifikiri kidogo, akasema sawa, basi nimwonyeshe mmoja. Nilimwambia wamejificha. Akasema atangoja.

Alingoja kweli! Tulisimama hapo kama watu wawili wanaosubiri gari. Mwishowe nilimwonyesha kitu upande wa kushoto, akageuka, nikakimbia. Kiatu cha kulia kilibaki kwenye matope. Kile cha ngozi ya kahawia, nilichoshona kisigino kwa uzi wa kijani uliobaki kwenye mapazia ya mwalimu mmoja. Sikurudi kukichukua. Nilisikia nyuma yangu akisema, bila haraka, "Mzee, umeacha kiatu."

Nimemwambia Shukri kiatu kimechukuliwa na mbwa wa hapa mtaani. Aliuliza mbwa gani. Nikasema mweusi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Kiprotich, anayetuletea maziwa kwa pikipiki asubuhi, ni mtu wa Kuresoi, huko huko nyumbani kwa kina Weldon. Kwa nini sikumfikiria mapema? Nilimuuliza, kwa ujanja, kama jambo la kupita tu: nyumba ya Mkalenjin inakosa nini ndipo isiitwe nyumba? Hakufikiri hata kidogo. Alisema kibuyu cha mursik. Maziwa yamelala ndani ya kibuyu na makaa ya mti, yakaiva, mgeni akija anamiminiwa. Bila hicho, alisema, hiyo ni hoteli tu.

Kibuyu! Kinakaa sebuleni. Kina heshima. Na nani duniani angetarajia kibuyu cha mursik kutoka kwa Obeid, Mwislamu wa Bondeni, mshona mapazia? Nitakipeleka kikiwa kimejaa tayari. Ogola atazimia.

Kiprotich alitaka kuongeza jambo. Alianza na neno "lakini". Sikungoja, nilikuwa na haraka, na kwa uzoefu wangu baada ya "lakini" huwa hakuna kitu cha maana.

Jumatano, 13 Agosti

Nilikuwa na mapazia ya kupeleka Naivasha, nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la maua, vyumba kumi na viwili. Nimetundika yote kabla ya saa sita. Mama mmoja wa huko alinishika mkono, akasema sasa ndipo anajisikia amehamia, kwamba siku zote alikuwa kama amelala barabarani. Nilimshukuru, nikamwambia samahani, nina haraka, natafuta zawadi ya rafiki yangu aliyehamia nyumba mpya.

Kando ya barabara kuu kuna vibanda vya vitu vya watalii. Muuzaji mmoja, Makokha, alikuwa navyo vibuyu kumi hivi, vyote vinang'aa. Nilichagua kikubwa. Kina shanga shingoni, twiga wawili wamechorwa wakitazamana, na chini yao neno KENYA. Nilimuuliza kama ni kibuyu halisi cha Kikalenjin. Makokha alinihakikishia ni halisi kabisa, kilichongwa na wazee. Nilimuuliza wazee wa wapi. Akasema wazee tu, boss.

Nikiwa njiani Emmy alinipigia simu. Sikushika. Mimi uso wangu hauwezi kuficha kitu, na sauti yangu ni mbaya zaidi kuliko uso. Angesema habari, nami ningesema kibuyu. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Nilizima simu. Ni kwa faida yake mwenyewe.

Alasiri nilimpigia Kiprotich, nikamuuliza tu hatua za mursik, haraka haraka. Chemsha maziwa, yapoe, makaa yasagwe ndani ya kibuyu, mimina, funga, ngoja. Rahisi! Nimetumia maziwa ya paketi, ni safi zaidi. Makaa nimetoa kwenye jiko letu, nikayatwanga kwenye kinu cha Shukri cha pilipili. Kibuyu kwa ndani pia kinang'aa, kimepakwa kitu kama rangi ya kabati. Kazi nzuri ya wazee.

Ijumaa, 15 Agosti

Kibuyu kinaongea. Tangu jana kinatoa sauti, fss, fss, kama mtu anayetaka kusema jambo na anajizuia. Leo adhuhuri kizibo kiliruka kikapiga kalenda ukutani. Shukri alikitoa nje kwa vidole viwili. Harufu yake ni ya maziwa, jiko, pilipili na duka la rangi. Nafikiri ndivyo inavyotakiwa. Sijawahi kunywa mursik.

Nilimkuta Ogola nje, anasugua mbao kwa msasa. Alikuwa ametengeneza rafu ya viatu! Ya mbao za kawaida, vyumba ishirini. Nilicheka. Nilimuuliza wazo hilo kubwa alilipata wapi. Alisema alimpigia Emmy simu akamuuliza wanahitaji nini, Emmy akasema Kiamunyi kuna matope, rafu ya viatu itawasaidia.

Alipiga simu, akauliza! Hii ni haki? Ni sawa na kufungua kitabu katikati ya mtihani! Nimekasirika kiasi kwamba sikula. Mimi nimekaa kwenye mahindi siku mbili, nimepoteza kiatu, na mtu anachukua simu tu?

Nikamwuliza, pole pole, kama Emmy alisema wanahitaji kitu kingine. Ogola alinitazama kwa namna ya ajabu. Alisema ndiyo, alisema, lakini alisema hicho wanamngoja mtu fulani. Nani? Ogola akarudi kwenye msasa wake.

Kuna mtu fulani! Wana rafiki mpya, tayari! Wiki tatu tu!

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Nitaandika yote, kwa mpangilio, hata yanayouma.

Tulifika saa tano kasoro, mimi, Shukri na kibuyu. Mlangoni Weldon alinikumbatia kwa nguvu, kibuyu katikati yetu, kikasema fss. Aliangalia wale twiga. Alisema, "Obeid, umeleta... aah, asante." Nikajua amezidiwa na hisia.

Nilikabidhi zawadi mbele ya watu. Nilitoa hotuba fupi. Nilisema nyumba bila mursik ni hoteli. Watu wa Kuresoi walitazamana. Mchungaji, kijana mwenye adabu sana, aliona nimesimama na kikombe cha mursik mkononi na hakuna anayekuja, akakipokea. Akanywa chote, kwa heshima. Macho yalimjaa maji. Akaanza maombi. Kwa maombi ya kufungua nyumba, yalikuwa mafupi mno.

Halafu akaja mama yake Weldon. Wote wanamwita Kogo, yaani bibi. Ametoka Kuresoi na kibuyu chake mwenyewe, cheusi, kimekwaruzika, hakina twiga. Alichukua kile changu, akanusa, akaingiza kidole, akasugua, akatazama kidole. Akaniuliza kwa upole, "Kijana, ni nani alikupatia hii? Hii imepakwa vanishi ya mlango." Nina miaka hamsini na mbili.

Kogo alinieleza bila hasira hata kidogo. Kibuyu cha nyumba hakinunuliwi barabarani. Mama anakitayarisha mwenyewe, anakisafisha, anakizoesha moshi na maziwa wiki nyingi, na makaa ni ya mti wake maalum, si makaa ya jiko. Kile chake alikianza siku Weldon alipochimba msingi. Watu wakainama kutazama sakafu. Hapo nikaelewa Kiprotich alitaka kusema nini baada ya "lakini". Kogo alibeba kibuyu changu hadi nje, akamimina kwenye nyasi, akarudi akasema twiga ni wazuri, kitafaa kuwekea maua. Mama yule ana roho nzuri. Nilitamani ardhi inimeze.

Rafu ya Ogola, wakati huo, ilikuwa imejaa viatu na sifa.

Nilijificha kwenye pembe ya sebule. Jua la mchana lilikuwa linaingia kwenye madirisha yote matano na kuwapiga wageni usoni. Wengine walikuwa wamejikinga kwa sahani. Emmy akanifuata. Aliuliza, kwa sauti ya chini, "Baba Ladan, kwani tulikukosea wapi?" Ladan ni binti yetu, ameolewa Mombasa.

Nilisema hawajanikosea. Akasema basi mbona sikushika simu, mara tatu. Akaniambia yote. Siku waliyohama, fundi mwingine wa mapazia alikuja mlangoni, wakamfukuza. Walisema mapazia ya nyumba hii ni ya Obeid. Lakini Weldon aliona haya kuniomba: akiniomba nitakataa pesa yake, akinilipa nitakasirika. Kwa hiyo wakapima madirisha wenyewe, wakaandika vipimo, wakangoja nije. Wiki tatu wanalala na shuka dirishani. Na sasa, akasema, hata shuka haimtoshi, kwa sababu kuna mwanaume amekuwa akiwachungulia kutoka kwenye mahindi na darubini. Anaogopa kubadilisha nguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Machozi yalimlenga.

Ule mkao wa mikono! Nimeufanya mara elfu ishirini! Ni kupima dirisha!

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Nilitikisa kichwa nikasema Nakuru imeharibika siku hizi.

Na hapo hapo, kutoka mlangoni, nikasikia sauti ya mke wangu wa ndoa, wazi kabisa: "Obeid! Kiatu chako kimefikaje huku kabla yetu?"

Bethwel alikuwa amekiweka. Alikuwa amekitunza kama ushahidi, akakiosha, akakipanga kwenye rafu ya Ogola, chumba cha juu kabisa, ili kila mgeni akione na mwenyewe ajulikane. Shukri alikishika juu, kisigino chenye uzi wa kijani kikitazama watu. Bethwel akanijia pole pole, akanitazama kutoka kofia hadi soksi, akasema, "Afisa wa viwavi."

Wageni wote waligeuka kunitazama. Hata mchungaji aliacha kukohoa.

Nilikiri. Nilisema nilitaka tu kujua wanachohitaji. Nilisema nimekaa kwenye ndoo nikiwatazama wakinywa chai. Emmy aliziba mdomo kwa mikono miwili, sikujua kama ni hasira au nini. Ilikuwa hasira. Aliniambia nimemtisha wiki nzima, kwamba alikuwa anakimbia kutoka bafuni hadi chumbani ameinama. Nilimwomba radhi. Nilimwomba tena. Niliona aibu ya kweli.

Weldon alikuwa akikitazama kile kiatu. Nilijua nimempoteza. Miaka kumi na moja, nimeimaliza kwa ndoo na darubini. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya kawaida: "Ulikuwa hapo nje? Jumamosi? Tukikunywa chai?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kule Bondeni haukuwahi hata kubisha. Ulikuwa unaingia tu na sahani yako. Chai ilikuwa mezani, Obeid. Tulikuwa tumekuwekea kikombe, Emmy alisema siku yoyote huyu atatokea."

Nililia. Mbele ya Ogola! Weldon naye alitoka nje kidogo, akasema anakagua tangi la maji.

Ogola alinipa leso. Ni yeye niliyekuwa nimemsikia jana akisema "mtu fulani". Alikuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema sikumuuliza.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Kiamunyi na futi kamba, nikapita barabarani, nikabisha hodi getini kama binadamu. Bethwel alifungua. Aliangalia miguu yangu kwanza, akahesabu viatu.

Emmy bado ni mkali kidogo. Alinipa chai, lakini aliweka sukari kijiko kimoja. Nilipima madirisha yote, na la bafu kwanza kabisa. Alichagua rangi mwenyewe, kijani cha majani ya chai. Vipimo vyao vya mikono vilikuwa sahihi isipokuwa dirisha la tatu. Sikusema kitu kuhusu hilo. Naam, nilisema kidogo.

Suala la pesa tumelimaliza: Weldon analipia kitambaa, mimi kazi ni yangu. Sote wawili tumekasirika kiasi sawa, kwa hiyo ni haki.

Alhamisi, 21 Agosti

Siku nne sijalala vizuri, cherehani mbili zikifanya kazi kwa zamu. Leo nimetundika. Mapazia mazito yenye bitana, na neti nyeupe ndani yake. Kazi bora ya maisha yangu, nasema bila kujisifu. Sebule imetulia, makochi yametolewa nailoni. Kogo, ambaye bado yupo, aliinuka akalishika pazia kati ya vidole viwili, kama alivyokikagua kibuyu siku ile. Akasema, "Hii umeitengeneza wewe mwenyewe." Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Emmy aliyavuta yakafunga, akayafungua, akayafunga tena. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Aliniwekea chai ya pili, sukari vijiko vitatu. Weldon akasema sasa kila Jumapili, bila hodi, na sahani nije nayo mwenyewe kwa sababu za kwao bado hazitoshi. Nilitembea hadi getini nikiwa mwepesi kabisa. Nimesamehewa. Mimi na Weldon tuko kama zamani.

Somo nimelipata. Naliandika ili lisipotee: ukitaka kujua mtu anahitaji nini, muulize. Ni rahisi hivyo! Ogola, mtu wa friji, alilijua siku zote.

Nikiwa naaga, Emmy alinisindikiza. Alisema mwezi wa kumi na mbili Weldon anatimiza miaka hamsini, na kuna kitu kimoja amekitamani miaka mingi, si cha gharama, na kwa kuwa mimi ni rafiki yake wa karibu ananiambia mimi tu, mapema, ili nisihangaike. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Nilimzuia kwa mkono. Nilimwambia asiniambie! Asiseme hata herufi ya kwanza! Rafiki wa karibu anaambiwa? Akiniambia, nitakuwa na tofauti gani na Ogola? Emmy alinitazama kama ambavyo Shukri hunitazama. Alijaribu tena, nikaziba masikio, nikatoka mbio.

Ila niligundua jambo. Alipotaka kusema, aliangalia juu kidogo. Juu! Juu kuna nini? Dari? Mabati? Mawingu? Jirani yao wa nyuma ana ghorofa moja yenye roshani, na mtu akiwa kule anaona paa lote na nusu ya ua. Nimeuliza, roshani haina pazia. Kesho asubuhi nakwenda kumpimia bure.